Siku moja Mombasa na mama wa miaka 71, tuchukue mtu wa kututembeza ama tuzunguke wenyewe?

Mama_Pacha_Nakuru

Habari zenu wote, hasa nyinyi wa Pwani, naomba mnisaidie na hii mipango maana nimezunguka nayo kichwani wiki mbili sasa.

Mwezi wa nane shule zikifunga nataka kumleta mamangu Mombasa. Ana miaka 71, kichwa kiko sawa kabisa ila magoti yanamsumbua, akitembea kama nusu saa lazima akae. Tutakuwa mimi, yeye na mapacha wangu wa miaka 10. Tutakaa siku tatu lakini ya kwanza tunafika na treni usiku na ya mwisho tunaondoka asubuhi, kwa hiyo ukweli ni siku moja tu kamili, Jumatano.

Sasa kilichonifanya niulize hapa badala ya kuangalia tu kwa simu ni hiki. Mama aliishi Mombasa 1973 hadi 1978, baba alikuwa mtu wa reli, walikaa kota za reli na kaka yangu mkubwa alizaliwa huko huko. Baba akapata uhamisho, wakarudi bara, na tangu hapo mama hajawahi kukanyaga Pwani tena. Sisi tumekua tukisikia Mombasa tu, daraja la Nyali lililokuwa linaelea juu ya maji na unalipa kupita, Kilindini Road na zile pembe kubwa mfano wa za ndovu juu ya barabara, feri ya Likoni, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita na tangu hapo anaitaja zaidi. Lakini nikimuonyesha picha za sasa kwa simu anaziangalia alafu ananirudishia, anasema hapa mimi sipajui.

Kwa hiyo nataka siku hiyo moja iwe nzuri kwake kwanza, watoto baadaye. Jirani ananiambia nitafute mtu wa kututembeza anayejua historia, dadangu anasema hiyo ni kutupa pesa siku hizi kila kitu kiko kwa ramani ya simu. Pia nimesikia kuna watu wanakuandama pale Fort Jesus mpaka unachoka. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje, na ni wapi hasa mngempeleka?

Damu_ya_Kibokoni

Karibuni sana Mvita dadangu, na mama karibu zaidi, maana huyo si mgeni, huyo ni mwenyeji aliyekawia kurudi.

Jibu langu ni ndio, chukua mtu, lakini mchukue kwa Mji wa Kale peke yake, masaa mawili au matatu ya asubuhi basi. Kwengine kote mtaenda wenyewe na tuktuk na hamtapotea. Nakwambia hivi kwa sababu Mji wa Kale hauna mabango ya kukueleza kitu. Utapita Ndia Kuu na simu yako mkononi, utaona nyumba kuukuu na nyaya za stima, basi. Mtu aliyezaliwa pale atakusimamisha mbele ya mlango akuonyeshe nakshi zake, akueleze kwa nini roshani zile za mbao zina mkono wa mafundi wa Kihindi, akuonyeshe nyumba gani ilikuwa ya nani. Hata hilo jina lenyewe, ndia ni njia kwa Kimvita, sisi twasema ndia, twasema mato, twasema mtele, watoto wako watafurahi kusikia hayo kwa mtu anayeongea hivyo nyumbani kwake.

Lakini kubwa zaidi kwa hali ya mama ni baraza. Mtu wa pale akipita kila mtu yuwamsalimia, na akiwa na mzee wa watu anajua baraza gani ya kumkalisha, nyumba gani akiomba maji yataletwa na choo gani ni kisafi. Mgeni akitembea peke yake anakaa wapi? Hakuna mabenchi kule ndani. Kwa mtu wa magoti hilo ndilo la kwanza, historia inakuja nyuma yake.

Njia ambayo mimi ningewapitisha ni hii. Saa moja na nusu mnywe chai, mahamri na mbaazi za nazi, msile chakula cha hoteli siku hiyo tafadhali. Saa mbili muwe Ngomeni, yaani Fort Jesus, jua bado halijapanda, mwezi wa nane ni upepo wa kusi kwa hiyo hali ya hewa mmechagua vizuri, lakini saa sita ni saa sita tu. Kutoka hapo mnaingia Ndia Kuu polepole, mnafika uwanja wa Government Square, kuna Leven House na ngazi zake zinazoshuka hadi majini, jina hilo lilitokana na meli ya Waingereza, Leven, iliyokuja hapa 1824 wakati Mazrui, watawala wa Mombasa siku hizo, walipokuwa wakitafuta kinga dhidi ya Sayyid Said wa Oman. Hapo ubavuni ni bandari ya zamani ya majahazi. Msipige picha bandarini, mtasumbuliwa bure. Mkirudi mpite msikiti wa Mandhry, wa 1570 huo, mnara wake umechongoka juu kama pia iliyogeuzwa. Huo ni mwendo mfupi sana kwa mtu mzima, na mama akikaa mara tatu nne kwenye baraza mtamaliza saa tano hivi bila yeye kuumia.

Alafu mwambie Kilindini Road sasa ni Moi Avenue. Pembe ziko pale pale.

Reli_Express

Mimi ni wa Nairobi na nilikuja na familia mwaka jana, wacha niseme yaliyotupata ili usiyarudie.

Tulishuka tu kwenye gari pale Fort Jesus, hata sijafunga mlango, jamaa mmoja akatushika. Mpole, anaongea vizuri, anajua majina yote ya wafalme. Nikamuuliza bei akasema usijali boss tutaelewana, na mimi nikanyamaza, hapo ndipo nilikosea. Akatuzungusha ngome kama nusu saa hivi kwa haraka, akatutoa, akatuingiza Mji wa Kale na badala ya kutuonyesha mji akawa anatupeleka duka moja hadi lingine, vinyago, mafuta, viungo, tulikaa duka moja dakika arobaini na mtoto analia njaa. Mwisho akataja bei mara tatu ya ile niliyokuja kujua ndio ya kawaida, na alipoona nakataa akaanza kupaza sauti mbele ya watoto. Nikalipa. Mke wangu hadi leo ukimtaja Mombasa anakumbuka hiyo sauti kwanza na bahari baadaye, na hilo linaniuma kwa sababu mji wenyewe ni mzuri.

Kwa hiyo ukichukua mtu, bei kwanza, na uandike kwa ujumbe wa simu kabla hamjakutana. Masaa mangapi, watu wangapi, tiketi ni zenu au ziko ndani, maduka hapana.

Alafu mimi sikubaliani na ndugu wa Kibokoni kwa jambo moja, watoto wa miaka 10 hawatafurahia milango masaa matatu. Wapeleke Haller Park Bamburi, wakalishe twiga kwa mkono, hiyo ndio watoto wangu wanaizungumzia hadi leo. Asubuhi ngome, mchana Haller, jioni ufuo wa Nyali, inawezekana kwa siku moja mkiwa na gari.

Damu_ya_Kibokoni

Pole kwa yaliyowapata kaka, na sitatetea mtu wa namna hiyo, wanatuharibia mji sote.

Haller ni pazuri, wala sipingi. Ile ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu jeupe lisiloota hata jani, na mzee René Haller, Mswisi, akaanza kupanda mivinje mwanzoni mwa miaka ya 70, alafu akaleta majongoo wale wa miguu myekundu ili wavunjevunje majani ya mivinje yawe udongo. Majongoo! Leo ni msitu. Na ndipo alipopelekwa yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, Owen, akashikamana na kobe mkubwa Mzee kama mamake. Watoto watapenda, najua.

Lakini hesabu vizuri. Bamburi ni ng'ambo ya daraja la Nyali, kwenda na kurudi na ile foleni mchana umeisha, na Haller kwenyewe ni kutembea. Dada amesema siku ni ya mama kwanza. Mama hakuishi Haller.

Mama_Pacha_Nakuru

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Reli_Express pole, hicho ndicho hasa nilichokuwa naogopa, kubishana na mtu mbele ya mama.

Maswali yangu sasa. Huyo mtu mzuri nampataje nikiwa Nakuru? Na je mama aingie ngomeni au asiingie, naona picha kuna ngazi nyingi. Na feri, hiyo ya Likoni, ameitaja mara nyingi kuliko kitu kingine chochote lakini naogopa ule msongamano ninaouona kwa habari.

Mtembezi_wa_Mvita

Dada, hii ndiyo kazi yangu, natembeza watu Mji wa Kale na ngome mwaka wa kumi na nne sasa. Sitajitangaza hapa, nitakwambia tu jinsi ya kutuchagua.

Mtu wa kweli ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii na anavaa beji. Omba kuiona, mwenye nayo hakasiriki, tena hufurahi umeuliza. Ukitaka usalama zaidi, waongozaji wa makumbusho wako ndani pale ngomeni, ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Piga simu ofisi yao kabla ya kusafiri, waeleze una mzee mwenye magoti na watoto wawili, waulize nani anaweza kuwapokea Jumatano saa mbili na awaendeleze hadi Mji wa Kale. Na umpigie huyo mtu mwenyewe muongee dakika tano. Ukimsikia anakuuliza mama anapenda nini, anaweza kupanda ngazi ngapi, watoto wamesoma nini shuleni, huyo mchukue. Ukimsikia anakutajia orodha ya sehemu kumi na mbili kwa pumzi moja, mshukuru na ukate.

Kitambulisho cha mama na chako msisahau, raia analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Kuhusu ngome. Pale mlangoni ni mteremko wa kupanda kidogo, si ngazi, anaweza akienda polepole. Uwanja wa ndani ni tambarare, kuna miti na pa kukaa, na jumba la makumbusho liko chini. Ngazi ni za kupandia juu ya kuta penye mizinga, hizo aziache, watoto wapande. Usimnyime mama ngome kwa sababu ya kuta.

Na kwa watoto, ndugu Reli_Express nakuelewa lakini nakupinga kwa heshima. Watoto hawachoshwi na ngome, wanachoshwa na mtu anayewasomea miaka. Mimi watoto nawaanzia na umbo. Ukiitazama ngome kwa picha ya kutoka juu ni mtu amelala chali, kichwa kwa bahari, mikono na miguu. Aliichora Mtaliano, Cairati, akiwafanyia kazi Wareno, wakajenga kati ya 1593 na 1596 juu ya jabali la matumbawe. Nawaambia watafute wamesimama kwenye mkono au mguu, wanakimbia huku na huku robo saa nzima. Alafu nawakalisha nawapa kisa cha 1631, Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa hapa hapa aliyechukuliwa mdogo akapelekwa Goa, akabatizwa, akapewa jina la Kireno, akarudishwa atawale kwa niaba yao, na mwaka ule akawageuka na kuichukua ngome. Nawauliza, nyinyi mngekuwa yeye mngefanyaje? Hapo utasikia majibu ambayo hata mimi baada ya miaka yote hii bado yananishangaza.

Alafu kuzingirwa kwa ngome 1696. Waomani waliizunguka ngome Machi mwaka huo na haikuanguka hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, ndani watu wanakufa kwa njaa na maradhi. Wareno walituma meli kuwasaidia, Santo António de Tanná, ikazama hapo hapo chini ya ngome 1697, wapiga mbizi waliichimbua mwishoni mwa miaka ya 70 na vitu vyake viko kwenye makumbusho, vyungu, vitu vya mabaharia. Hapo mwangalie mama yako, maana uchimbuzi huo ulianza 1977 naye alikuwa yuko Mombasa. Mwulize kama aliwahi kusikia.

Jambo lingine ambalo wengi hulipita haraka. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Watu wa hapa walifungwa mle, wajukuu zao bado wako mitaani na wengine nawatembeza.

Feri, nenda kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, hapo watu ni wachache. Asubuhi ya kwenda kazini na jioni kuanzia saa kumi na moja usithubutu na mzee, watu wanakimbia kwenye ule mteremko na mteremko wenyewe ni mkali. Mpitishe ubavuni, wacha umati utangulie kushuka. Wanaotembea kwa miguu hawalipi kitu.

Bint_Mvita_Maskati

Nimesoma hii nikiwa Maskati nikatokwa na machozi kidogo, bibi yangu ni mzaliwa wa Kuze, hapo Mji wa Kale, na alikuja huku Oman akiwa msichana, alikuwa akitaja baraza yao mpaka siku zake za mwisho na hakuwahi kurudi kuiona. Mpeleke mama dada, usiahirishe.

Mimi naongeza moja tu. Mpeleke Biashara Street anunue leso. Hapo kuna duka la zile leso zenye chapa ya Mali ya Abdulla, wako kwenye hiyo kazi tangu 1887. Muache mama achague mwenyewe na akae asome majina ya leso, yale maneno yaliyoandikwa, usimharakishe, mwanamke aliyeishi Mombasa miaka ya sabini hawezi kununua leso bila kusoma jina. Mimi nilimpeleka mamangu 2019, alikaa saa nzima, akanunua doti tatu, moja nimeitandika kitandani kwangu sasa hivi.

Na mavazi, Mji wa Kale mjifunike mabega na magoti, na msipige picha akina mama bila kuwaomba. Ukiomba wengi watakubali.

Mgosi_Tanga

Sisi wa Tanga tunavuka Horohoro kuja Mombasa kwa harusi na biashara, kwa hiyo mji naujua kiasi. Mchana msile haraka haraka, mama apumzike, ale wali wa nazi na samaki wa kupaka, alale hata saa moja kama hoteli iko karibu. Watu wanapanga safari ya wazee kama wanapanga kazi ya ofisi, kutoka asubuhi mpaka usiku hakuna nafasi ya mtu kuvuta pumzi. Wazee wanaona vitu wakiwa wamekaa.

Jioni baada ya feri msiondoke, Mama Ngina Drive iko hapo hapo jirani, pametengenezwa upya 2019, kuna mibuyu mikubwa ya miaka mingi na bahari mbele, madafu, mihogo, achari, mabuyu. Meli kubwa zinazoingia Kilindini zinapita karibu kabisa. Hapo magoti hayana kazi.

Mama_Pacha_Nakuru

Wapendwa nimerudi. Niliahidi moyoni nitawaandikia na naandika nikiwa na furaha ambayo sijui niianzie wapi, mnisamehe ikiwa ndefu.

Nilifanya kama alivyosema Mtembezi, nikapiga simu, nikaongea na watu wawili, wa pili ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mji wa Kale, swali lake la kwanza lilikuwa mama aliishi mtaa gani na mwaka gani. Tukapatana bei na masaa matatu kwa ujumbe wa simu, maduka hapana.

Treni kwanza ilimchanganya mama maana alikuwa anangoja kushuka stesheni ya mjini, kumbe hii ya sasa inaishia Miritini nje kabisa. Tulipotoka nje usiku alisimama na mkoba wake akauliza, mji uko wapi? Nikaogopa nikadhani safari imeharibika. Usiku huo hakuongea sana.

Asubuhi mahamri na mbaazi kama tulivyoambiwa. Hapo alianza kufunguka, alimwomba yule mama wa mbaazi aongeze tui.

Ngomeni aliingia, polepole, akakaa chini ya mti na mwongozaji wetu akakaa naye. Watoto walienda kutafuta kichwa cha yule mtu aliyelala, walibishana wamesimama kwenye mguu au mkono, na kisa cha Yusuf bin Hasan kiliwagusa kweli, pacha mmoja alisema yeye angekimbilia msituni asipigane na mtu, mwingine akasema hapana, angerudisha ngome ya babake. Wanabishana nalo hadi leo. Na mama alikumbuka wapiga mbizi! Alisema baba alirudi kazini jioni moja akasimulia kwamba wazungu wanatoa meli ya zamani chini ya maji kule Ngomeni, yeye alidhani ni porojo za reli. Alikaa mbele ya kabati la vile vyungu muda mrefu kuliko sisi sote, mkono kwenye kioo.

Mji wa Kale tulikaa kwenye baraza nne, nilihesabu. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja wa umri wa mama, mwongozaji wetu alimwita tu kutoka nje, hodi hodi, akatoka na kahawa kwenye dele la shaba na kashata. Wakaanza kuongea na mama kuhusu mwaka 1975, bei ya samaki, nani alikuwa akiuza nini wapi, mimi na watoto tukawa tumesahaulika kabisa. Masaa matatu yaliisha tukiwa hapo, msikiti wa Mandhry tuliuona kwa mbali tu, ngazi za Leven hatukufika, na mwongozaji hakuharakisha mtu wala hakudai hata senti moja ya ziada, nilimuongeza mwenyewe kwa moyo.

Bint_Mvita, leso alinunua. Alisoma moja moja kama ulivyosema. Alichukua iliyoandikwa Wema hauozi, doti mbili, moja yake na moja akairudisha kwa tuktuk kwa yule bibi wa kahawa. Tuktuk ilingoja.

Pembe tulisimama chini yake, watoto walitaka kuzigusa wakashangaa ni bati la alumini. Mama alisema barabara ilikuwa na magari machache na sasa haoni mbele, lakini zile pembe alizitambua, akasimama pale pale walipopigwa picha na baba. Ile picha tunayo nyumbani. Nimempiga nyingine hapo hapo, kwa pembe ile ile ya upande wa kushoto.

Haller hatukwenda na watoto walinuna kidogo mchana, siwezi kuwaficha. Reli_Express umenifanya niwe na deni kwao.

Saa nane na nusu tukapanda feri. Tuliingia mwisho, tukashuka mwisho. Mama alikataa kukaa, alishika chuma cha ubavuni, akasema Jumapili baba akiwa zamu ya usiku walikuwa wanavuka na kurudi bila kushuka kwa sababu hawakuwa na pesa ya kwenda popote na feri ilikuwa upepo wa bure. Hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Kwa hiyo tulivuka, tukala mihogo upande wa Likoni, pilipili nyingi na ndimu, tukarudi, alafu akaomba tuvuke tena. Tulivuka mara nne.

Mama Ngina Drive hatukufika, jua lilitukuta kwenye maji.

Sasa swali ninalo lingine. Jana ameniita chumbani akaniuliza kama Desemba kunakuwa na joto sana maana yule bibi wa kahawa, wa Kibokoni pale Mji wa Kale, amemwalika. Mnaonaje, atavumilia?

Damu_ya_Kibokoni

Alhamdulillahi. Desemba kaskazi imeshaanza na hoteli zimejaa watu wa bara, atachoka. Mleteni Julai, kusi inavuma vizuri na mji umetulia. Na kama ni baraza ninayoifikiria mimi, basi ni nyumba ya tatu kutoka kwetu, mkija mpite pia kwetu, mamangu ana miaka 74 na ana dele lake pia.

Mama_Pacha_Nakuru

Ina mlango wa nakshi, kibao cha juu kimepasuka kidogo upande wa kulia, na paka wa kijivu?

Damu_ya_Kibokoni

Ndiyo hiyo. Na yule paka ni wetu.